Daftari Chini ya Birika

Shangazi alinihesabia safari kwenye vidole: basi siku nzima, kivuko nusu siku, kisha treni siku moja na usiku wake. Akauliza ni chuo gani hicho ambacho hata barua inachoka kukifikia. Chuo cha ualimu kipo nyuma ya soko, akasema, unakwenda kwa miguu na mchana unarudi kula. Nikamwambia nataka kutibu ng'ombe, na udaktari wa mifugo unafundishwa mwisho wa reli tu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Baba hakucheka pia. Alikuwa gadi wa treni miaka thelathini, mtu wa filimbi na bendera. Alinipa kalamu mbili za wino.

"Wakikukwamisha njiani, usibishane na mtu wa dirishani," akasema. "Omba daftari la malalamiko. Kila stesheni inalo. Ukurasa ukishaandikwa, lazima uende makao makuu, huko huko mwisho wa reli, kwa treni ya kwanza inayoondoka, mkononi mwa gadi. Ni kanuni." Akakaza kamba ya begi langu, ambayo ilikuwa imeshakazwa. "Mimi niliwahi kukabidhiwa mmoja, nikaambiwa niuchane njiani. Nikauchana."

Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini basi lilikuwa linanguruma.

Basi likaharibika mara mbili. Kivuko kikangoja gari la mkubwa mmoja aliyekuwa bado anakunywa chai. Nikafika stesheni ya makutano Alhamisi asubuhi, miguu imevimba, tiketi ya treni mkononi. Usajili chuoni ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyefika, nafasi yake anapewa anayefuata kwenye orodha.

Kwenye dirisha la tiketi walikuwa wamebandika karatasi: treni ya abiria, hakuna mpaka Jumatatu. Wanafunzi wawili wa chuo hicho hicho walikuwa wamekalia masanduku yao ya bati tangu jana yake. Mmoja alikuwa kijana mrefu, nikamwita Ngazi kimoyomoyo. Mwingine alikuwa msichana wa miwani.

"Mabehewa yako wapi?" nikamuuliza stesheni masta.

"Yamechukuliwa. Yamebeba wajumbe wa mkutano."

"Na sisi tuliokata tiketi?"

"Ninyi wanafunzi. Kusubiri mmezoea."

Damu ikanichemka. "Naomba daftari la malalamiko."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba suruali yake. Akaingia ndani, akalivuta kutoka chini ya birika la chai. Jalada lilikuwa na duara jeusi la kitako cha birika. Nikalifungua. Kurasa za mwanzo zote zilikuwa zimechanwa, zimebaki kingo tu. Akanisogezea penseli.

"Kalamu ninayo," nikasema.

Nikaandika tarehe, namba za tiketi zetu tatu na habari ya mabehewa. Ngazi akasita kuweka sahihi.

"Dada, huyu mzee atatuchukia."

"Kwani mpaka sasa alikuwa anatupenda? Weka sahihi."

Stesheni masta akasoma, akameza mate. Akaniita ofisini, akafunga mlango, na sauti yake ikawa asali tupu.

"Sikiliza, mwanangu. Treni ya maji inaondoka saa nne. Inapeleka matangi kwenye stesheni za ukame, na mkiani ina behewa la gadi. Nafasi ya mtu mmoja haikosi. Kesho umefika chuoni. Huu ukurasa tuuchane tu, yaishe."

Sitasema uongo, nilitamani. Niliona lango la chuo. Nilimwona Shangazi ameshika mbavu. Lakini dirishani nilimwona yule msichana wa miwani akitandika kanga juu ya sanduku, anajiandaa kulala hapo mpaka Jumatatu. Na zile kingo za karatasi zilikuwa mbele yangu. Bila shaka kila aliyeandika kabla yangu aliambiwa hivi hivi, kwa sauti hii hii.

"Hauchanwi," nikasema.

"Utakosa chuo kwa sababu ya karatasi?"

"Nitakosa. Lakini karatasi itafika."

Nikalivuta daftari kwangu, nikalikumbatia.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia gadi wa treni ya maji, mwanamke mfupi, bendera kwapani, akaomba mfuko wa barua. Kabla stesheni masta hajafumbua mdomo nikamkabidhi daftari. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari.

"Hawa abiria watatu wako wapi?"

"Mimi hapa, na wale wawili pale nje."

Akamgeukia stesheni masta. "Mzee, hapa pameandikwa abiria wamekwama, hawana treni. Na karatasi naibeba mimi, kwa treni. Wakiniuliza niliwaachaje, nijibu nini?"

"Sema hapakuwa na nafasi."

"Benchi langu linakaa watu wanne. Nimelifagia mwenyewe leo." Akautoa ukurasa kwa uangalifu, akamsainisha stesheni masta kwenye ukingo uliobaki, kisha akanigeukia. "Waite wenzako. Masanduku ndani. Upesi."

Tulifika kesho yake saa tano kasoro robo. Ngazi na yule msichana wakakimbilia chuoni. Mimi nikaongozana na gadi mpaka makao makuu, nikasimama kwenye kaunta mpaka nilipouona ukurasa unagongwa muhuri. Ndipo nikakimbia. Nilisajiliwa zikiwa zimebaki dakika kumi na moja.

Nikampigia Baba simu, nikamweleza yote, mpaka birika.

"Na gadi?" akauliza. "Aliufikisha?"

"Aliufikisha. Nilimsimamia mpaka muhuri."

"Hakukasirika?"

"Alisema hata angekuwa yeye angefanya hivyo."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mimi hakuna aliyenisimamia," akasema. "Haya, mwanangu. Nenda kasome."