Uwanja Uliokuwa na Juu na Chini

Timu ya kiwanda cha mikate ilikuwa haijafungwa nyumbani kwa miaka mingi. Mji mzima ulijua sababu. Wachezaji wenyewe ndio waliokuwa na maelezo mengine: mazoezi, nidhamu, mkate wa moto asubuhi.

Sababu ilikuwa uwanja. Ulikuwa nyuma ya kiwanda, goli moja likiwa karibu na ukuta wa stoo ya unga, la pili karibu na mfereji wa maji ya mvua, na kati ya goli na goli ulikuwa mteremko wa waziwazi. Ukiweka mpira katikati ukauacha, unaanza safari wenyewe. Nahodha wa timu, dereva wa gari la kusambaza mikate ambaye wote walimwita Kona, alikuwa na mbinu moja tu. Kipindi cha kwanza timu yake ipande, ivumilie, hata ikifungwa mawili si neno. Kipindi cha pili iteremke. Wageni wakati huo wamejichosha kwa kukimbia ovyo, sasa wanatakiwa kupandisha kilima, na mipira ya Kona inawashukia wenzake moja kwa moja miguuni.

"Mwenyeji ndiye anayechagua goli," alikuwa akiwaambia wageni kwa upole, akiwashika bega. Hakuna aliyewahi kumuuliza sheria hiyo imetoka wapi.

Basi siku moja mwenye kiwanda, mama mmoja mwenye sauti nene ambaye wafanyakazi walimwita Mama Tanuri, aliwakusanya watu wakati wa chai. Msingi wa tanuri jipya ulikuwa umechimbwa, udongo umelundikana kama kichuguu cha majitu, na greda limekodiwa kuuondoa.

"Sasa nimewaza," alisema. "Kwa nini tuutupe udongo mzuri hivi? Tutausawazisha ule uwanja wenu. Mcheze kama binadamu wengine."

Watu walishangilia hadi vikombe vikamwagika. Kona naye alipiga makofi, ila mikono yake haikutoa sauti.

Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akipiga pasi sare za kazini. Mkewe alicheka mpaka akaiweka pasi pembeni asije akaunguza shati.

"Na unajua anayekuja kupima ni nani?" aliuliza akijifuta machozi. "Mdogo wangu. Mama Tanuri amempigia simu leo mchana."

Kona alinyanyuka kidogo kwenye kiti. Mdogo wa mkewe alifanya kazi kwenye kampuni ya kujenga barabara, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kupima usawa wa ardhi kwa mashine ya leza. Shemeji. Na shemeji ni mtu wa kuongea naye.

Jumamosi asubuhi shemeji alifika na mashine yake kwenye sanduku la njano, bosi wake amemruhusu kuitumia mwisho wa wiki. Aliisimamisha kando ya uwanja juu ya miguu mitatu, akaiangalia mpaka ikatulia sawasawa, na kichwa chake kikaanza kuzunguka taratibu.

"Mwanga wake huuoni juani," alimweleza Kona, "lakini upo. Umezunguka uwanja wote kama kamba iliyovutwa, haipandi wala haishuki."

Akampa fimbo ndefu yenye kidude kidogo kilichofungwa ubavuni. Kidude kile ndicho kilichokuwa kikiupokea mwanga. Ardhi ikiwa juu mno, kinalia harakaharaka. Ikiwa chini mno, kinalia kwa kusitasita. Ikiwa sawa, kinatoa mlio mmoja mrefu usiokatika.

"Msaidizi wangu anaumwa jino," alisema shemeji. "Wewe ndiye utakayenishikia fimbo."

Kona aliona hapo ndipo pa kuingilia. Alisogea karibu, akashusha sauti.

"Shemeji, tuongee kindugu. Huwezi kubakiza kidogo? Mteremko wa adabu tu. Mtu akipita asiuone."

"Mteremko utakuwepo."

Uso wa Kona ulichanua.

"Katikati patainuka kidogo, kama mgongo, kutoka goli hadi goli," shemeji aliendelea. "Maji ya mvua yashuke pembeni, huku na huku sawasawa. Ndiyo maana kwenye fimbo kuna alama mbili. Ukiwa katikati, kidude kikae kwenye utepe mwekundu. Ukiwa pembeni, kipandishe kwenye utepe wa bluu. Lakini kutoka goli hadi goli, hapana. Mashine hii haina shemeji."

Kazi ikaanza. Greda lilikwangua upande wa ukutani, likausukuma udongo kwenda mferejini, likarudi kuchukua ule wa tanuri. Dereva wake alikuwa mtu wa kimya. Alimtazama Kona tu, na Kona alimwonyesha kwa mkono: kata, jaza, simama. Shemeji alizunguka na nyundo akipigilia vigingi.

Walipofika upande wa mferejini, ambako udongo ulitakiwa kujazwa, shetani alimpitia Kona. Badala ya kusimamisha fimbo chini, aliisimamisha juu ya ncha ya buti lake. Kidude kikatoa mlio mrefu mapema kuliko ilivyopasa, na yeye akainua mkono: simama, panatosha. Akasogea hatua chache, akafanya vilevile. Unene wa buti si kitu kikubwa, lakini alijiambia kwamba heri nusu shari.

Kabla ya kuruhusu rola lije kushindilia, shemeji aliichukua fimbo mwenyewe ahakiki. Ukutani, mlio mrefu. Katikati, mlio mrefu. Mferejini kidude kikaanza kusitasita, na kila aliposogea kikasita zaidi. Aliiangalia mashine. Akaangalia betri. Kisha akamwangalia Kona kuanzia kichwani, akishuka polepole, mpaka akafika miguuni. Kwenye ncha ya buti la kulia, juu ya vumbi, palikuwa na alama ya mviringo safi kabisa, ukubwa ule ule wa kitako cha fimbo.

"Shemeji," alisema, "mbona kiatu chako kimepigwa muhuri?"

Dereva wa greda, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alizima injini ili asikie vizuri.

Shemeji alianza kucheka, akaketi juu ya sanduku la njano, akaendelea kucheka. Kona alibaki amesimama kama mwanafunzi aliyekamatwa na jibu mkononi. Mwishowe naye akaketi, chini, kwenye udongo laini.

"Bila kile kilima mimi si kitu," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Miguu haipo tena. Nikimaliza kipindi cha kwanza natamani nilale palepale. Kinachonibakiza kwenye timu ni ule mteremko. Ukiuondoa, wataona."

Shemeji aliacha kucheka. Alimtazama huyu mume wa dada yake, ambaye alimfahamu tangu siku aliyokuja nyumbani kwao na shati la kuazima.

"Wataona nini? Mimi nimekuona leo," alisema. "Tangu asubuhi unazunguka na fimbo ile, huku na huko, hujakaa. Msaidizi wangu huwa anaomba maji kila saa. Simama turudie hapa. Na buti ulivue."

Wakarudia. Kona alitembea peku kwenye udongo mpya, baridi na laini, greda likimwaga na kusawazisha mbele yake. Na pole pole kitu kikambadilisha. Ule mlio mrefu ulianza kumnogea. Alipoupata mahali, alisubiri kidogo ausikie vizuri, kisha akakimbilia pengine kuutafuta tena. Kufikia alasiri alikuwa akimkemea dereva wa greda. "Bado kidole kimoja hapo. Hapana, umezidisha. Rudi." Shemeji alikunja mikono, akamwacha afanye.

Katikati ya wiki mvua ilinyesha. Asubuhi yake Kona alipita na gari la mikate, akasimama kuangalia. Maji yalikuwa yameshuka kushoto na kulia, na uwanja umekauka kama meza iliyofutwa.

Jumamosi iliyofuata walikuja watu wa gereji, wapinzani wao wa siku zote. Nahodha wao, fundi wa kuchomelea mwenye tumbo la heshima, aliuweka mpira katikati, akarudi nyuma kungoja uondoke. Mpira ukakaa. Akausukuma kidogo kwa kidole. Ukaenda kidogo, ukakaa.

"Unachagua goli lipi?" alimuuliza Kona kwa mashaka.

"Chagua wewe. Yote sawa."

Ilikuwa mechi ambayo watu waliisimulia kwa muda mrefu. Pasi zilifika zilikokusudiwa. Mtu akimtazama mwenzake na kumpigia mpira, mwenzake anaupata, jambo ambalo pale halikuwa la kawaida. Mapumziko yalipofika, wenzake walijitupa kwenye nyasi za kando, ila Kona alibaki amesimama, mkono kifuani, akisikiliza mapigo ya moyo wake. Hakuwa amechoka. Miaka yote hiyo alidhani ni umri unaomla miguu, kumbe alikuwa akipanda kilima.

Kipindi cha pili aliwapita mabeki wawili kwa mbio ambazo hata mkewe, pembeni, hakuwa ameziona tangu ujana wao, akafunga bao la chini kwenye kona ya goli. Akafunga na la pili kwa kichwa. Gereji nao wakarudisha, wakaongeza, na filimbi ya mwisho ilipolia walikuwa wameshinda manne kwa matatu. Timu ya mikate imefungwa nyumbani.

Fundi wa kuchomelea alimkumbatia Kona kwa mikono yote miwili. "Kumbe unajua mpira," alimwambia. "Miaka yote nilidhani ni kile kilima."

"Hata mimi," alisema Kona, na akacheka mpaka akalazimika kumshikilia yule bwana asianguke.

Wiki iliyofuata, kazi ilipokwisha, akina mama wa kitengo cha kufungasha walifunga pete mbili kwenye nguzo, wakachora mistari ya chokaa na kuanza netiboli pale pale, kwani sasa palichezeka. Mke wa Kona aliungana nao, amefunga kanga kiunoni, na shemeji akaja kutoka kazini bado amevaa buti za barabarani. Kona aliegesha gari la mikate kando ya mstari, akapanda juu ya boneti, akapiga kelele za kuwashangilia mpaka sauti ikamkauka.