Karibu Tena

Kila alasiri, vyombo vya chakula cha mchana vikishaondolewa na vitambaa vya meza kubadilishwa, mwimbaji huingia hotelini kwa mlango wa ufukweni, akapangusa mchanga miguuni na kuketi kwenye meza ya pembeni. Alifariki zamani, kabla hoteli haijawekwa lifti. Wafanyakazi wamemzoea. Meneja alimwomba jambo moja tu, asikanyage zulia jipya kwa miguu yenye maji, naye hulizunguka bila kununa.

Ukutani ipo picha yake akicheza dansi na tajiri mwenye meli. Picha hiyo ndiyo inayojaza vyumba. Mwongoza wageni huisimulia, mwimbaji mwenyewe akiwa pale pale, kwamba wawili hao walipendana kufa na kuzikana, na kwamba hadi leo bibie anamsubiri tajiri wake. Mwimbaji husikiliza kwa adabu. Tajiri huyo alimkanyaga vidole usiku kucha, na jina lake hakulishika.

Anayemrudisha hapa kila siku ni mhudumu wa meza. Enzi hizo mhudumu alikuwa kijana mwenye shingo ndefu, akimpelekea chai asubuhi na kubaki akipanga vijiko vilivyokwisha pangwa. Siku mwimbaji alipoondoka, kijana huyo alimfungulia mlango wa gari akamwambia, kama alivyofundishwa kumwambia kila mgeni, "Karibu tena." Wageni wengine hujibu asante, yakaishia hapo. Yeye aliyachukua maneno kama yalivyo. Ajali ilimkuta kabla ya msimu uliofuata, lakini alikuwa amekwisha kualikwa, akarudi.

"Umezeeka wewe," humwambia akimiminiwa chai.

"Nawe hukusema utachelewa."

Hucheka chini chini. Mhudumu anampenda, anampenda mpaka chai humwagikia kisahanini, na uzee hauhusiki. Lakini mhudumu haketi na mgeni. Ndiyo sheria ya kwanza ya hoteli, na miaka yote hiyo hajawahi kuketi kando yake hata mara moja.

Siku yake ya mwisho kabla ya kustaafu alimwendea meneja.

"Bosi, leo niruhusu niketi naye. Kikombe kimoja tu."

Meneja alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mzee wangu, watu wanatoka mbali kuja kumwona akimsubiri tajiri. Ukiketi pale nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli hauna picha ukutani, mzee."

"Basi kesho nije kama mgeni?"

"Wastaafu wanapita mlango wa jikoni. Unajua mwenyewe."

Alirudi ukumbini na sinia lake, akasimama kwenye nguzo yake ya siku zote. Mwimbaji alimtazama usoni, hakuhitaji kuuliza. Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akaenda kusimama naye pale kwenye nguzo, bega kwa bega, vidole vyake ndani ya mkono wa koti la kazi.

"Kumbe kusimama kunachosha hivi," alisema.

"Utazoea."

Mwongoza wageni alifika na kundi lake. Aliiona meza tupu, wala hakubabaika. Leo, aliwaeleza, bibie amesimama ili amwone tajiri wake akitokea. Mgeni mmoja aliinua kamera, akamwomba mhudumu asogee kidogo, asiingie kwenye picha.

Mhudumu akasogea. Mwimbaji naye akasogea.