Mkono wa Tata Symphorien

Siku ya kupimwa madereva, tata Symphorien, mzee wa mtaa wa Dilala, huung'oa mkono wake wa kushoto kabla hajanywa chai, huupangusa, kisha humpa yeyote aliyetangulia mlangoni. Presha ya mkono ule ni nzuri mno. Mganga wa kampuni ameshaupima kwa kila dereva wa malori ya shaba, na hajawahi kuuliza kwa nini wanaume wote hao wana kovu moja la pasi. Na huyo ndiye aliyesoma!

Kampuni nayo ina huruma zake. Ikimkuta dereva na presha kubwa haimtibu; humfukuza, asije akaugua kazini.

Kabemba, mmoja wa madereva hao, alikuwa nayo presha hiyo. Mujinga, muuguzi wa parokia, alimpima mkono wake Kabemba mwenyewe, akampa vidonge, akamweleza yeye na mkewe Godelieve kwamba presha haipigi hodi: hupasua mishipa mtu akijiona mzima. Kabemba alimeza vidonge mpaka kichwa kilipoacha kuuma, kisha akaviweka juu ya kabati.

"Kunywa dawa, baba Jessica," alisema Godelieve, akiloweka makayabo, samaki wakavu, yapungue chumvi. "Ile ni ya kila siku."

"Mi siko mugonjwa. Munganga ya kazi alisema mi niko muzuri."

"Alipima mukono ya tata Symphorien!"

"Alisema muzuri," Kabemba alijibu, akajiongezea chumvi kwenye sahani. Mwanaume mzima, anaamini mkono wa kuazima.

Siku ya kupimwa ilipofika tena aliuazima mkono, na safari hiyo hakuurudisha. Alipotoka kupimwa alipakia shaba moja kwa moja, na kwenye barabara ya Tenke mshipa ukampasukia kichwani. Lori, lililokuwa na akili kuliko wenyewe, likajiegesha kando. Mkono ulikutwa kwenye kiti cha pembeni, umefungwa mkanda, presha yake nzuri vilevile.

Mganga alifika kwenye matanga amevaa suti.

"Pole, mama. Bwana yako alikufa muzima kabisa."

Godelieve alimtazama kwa dharau. Baada yake wakaingia madereva wenzake Kabemba, kofia mikononi.

"Pole sana, mama," alisema Ngeleka, mkubwa wao. "Ile mukono iko wapi? Kesho tunapimwa."

Godelieve aliuleta, umefungwa kwenye kitenge, na juu yake akaweka vidonge alivyoacha mumewe.

"Muende kwa Mujinga. Mupimwe mikono yenu," alisema.

Walishukuru sana. Wakachukua mkono, vidonge wakaviacha mezani.