Bakuli Halirudishwi Tupu

Micheri, miti ya matunda ya cheri, ilikuwa imechanua mpaka matawi ya chini siku ile Lorna Veenstra alipokuwa akifagia nyuki waliokufa mbele ya mizinga yake, kwa brashi ya kupakia rangi. Jirani yake mwenye micheri hiyo, Garth Boersma, akaja na bakuli la chakula cha msiba: tambi, samaki wa kopo, na chipsi za viazi zimepondwapondwa juu. Kule Oostveld, Michigan, mfiwa hupelekewa bakuli la namna hiyo, naye siku ya kulirudisha halirudishi tupu. Garth alikuwa mtu wa kufuata desturi.

"Pole sana, Lorna," alisema. "Mke wangu amekuongezea na jibini."

"Ulipiga dawa saa ngapi, Garth?"

"Mimi? Usiku, jirani, nyuki wakiwa wamelala. Kila mtu anajua." Aliutazama mzinga uliokuwa karibu naye. "Utitiri huo. Mwaka huu umewakamata wale wasiowatibu nyuki wao mapema."

Lorna aliwatibu nyuki wake dhidi ya vidudu hivyo vinyonyaji kuliko alivyojitibu mwenyewe. Lakini hakulelewa kukataa bakuli. Alilipokea, akalisukumia ndani ya friza bila kulifunua.

Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wakawa wananyweshana kahawa, alisikia wanavyomwonea huruma. Maskini Lorna, umri nao. Nyuki wanataka mtu mwangalifu. Garth alikuwa katikati yao na kipande cha keki mkononi, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Damu ilimchemka Lorna mpaka masikioni. Nusu ya kanisa lile walilelewa kwa asali yake, na leo ameitwa mzembe, tena na muuaji mwenyewe! Alitaka Garth akiri mbele ya watu walewale, na aache kupiga dawa mchana kabla nyuki wapya hawajaletwa mwaka ujao. Mawili tu. Na kama angeumbuka njiani mpaka akakosa pa kuuficha uso, Lorna asingemhurumia hata chembe.

Aliporudi nyumbani alimweka nyuki mmoja chini ya kioo cha kukuzia, kile anachotafutia utitiri. Utitiri hakuuona. Ndani ya jicho la nyuki aliona kitu chekundu kidogo, kina magurudumu. Trekta ya Garth ni nyekundu. Kioo kiliishia hapo, hakikuwa na nguvu ya kuonyesha zaidi. Kesho yake Lorna alichukua kamera ya marehemu mumewe, akawatia nyuki wachache kwenye kopo la vidonge, akaendesha gari mpaka Grand Rapids, kwa muuza kamera aitwaye Odell Pruitt.

Odell alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja puani na moja utosini.

"Nataka kupiga picha jicho la nyuki," Lorna alisema. "Ndani kuna mtu."

"Jicho la kulia au la kushoto?"

"Yote mawili."

"Una bahati. Wakati mwingine mtu anakaa pembeni kabisa, kumpata ni kazi." Odell aliigeuzageuza kamera. "Hii ni ya zamani lakini haina neno. Watu wakianza mambo haya wanakimbilia kamera mpya, wanatupa pesa bure. Anayemsogelea mdudu ni lenzi, mama, si kamera."

Alimpangia vifaa kaunta nzima. Kwanza mirija mifupi, mitupu katikati, isiyo na kioo chochote. Ukiichomeka kati ya kamera na lenzi, lenzi inaona karibu zaidi. Ile ingemwonyesha trekta vizuri. Akitaka sura ya dereva, itabidi achukue lenzi ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya vitu vidogo, maana ile fupi ingemlazimisha kusogea mpaka amzibie mdudu mwanga.

"Na nikitaka midomo?"

Odell alishusha miwani ya utosini, akaivaa juu ya ile nyingine. "Bibie, umekuja kununua lenzi au kumshtaki mtu?"

"Vyote viwili."

"Basi chukua lenzi ndefu na mirija, uvitumie pamoja. Na stendi ya miguu mitatu. Ukiwa karibu namna hiyo, hata ukipumua unaharibu picha."

Kweli alipumua, akaharibu nyingi. Taa ya kamera ilimwachia Garth doa jeupe usoni. Lorna akakata dumu la plastiki la maziwa na kuifunika taa nalo, mwanga ukalainika. Pua ilipoonekana wazi, masikio yalipotea kwenye ukungu. Alijifunza kuliminya tundu la lenzi, kuisogeza kamera kidogo kidogo mno, kupiga picha moja baada ya nyingine na kuziunganisha kwenye kompyuta. Wengine huingia katika ufundi huu kwa kupenda maua. Lorna aliuingia kwa chuki, na chuki haikumruhusu kuchoka.

Mwishowe ikatoka. Jicho la nyuki lina vijidirisha maelfu, na katika kila kimoja alikaa Garth juu ya trekta nyekundu. Jua lilikuwa utosini, micheri nyeupe pande zote, na dawa ikifuka nyuma yake. Lorna alitazamia kumwona ana hasira, au angalau ana haraka. Thubutu! Midomo ilikuwa imechongoka. Garth alikuwa akipiga mluzi, kama mtu anayeosha gari.

Lorna aliipeleka picha kwa afisa wa kilimo. Afisa aliitambua sura mara moja, akaitambua na saa kwa vivuli. Alisema tatizo ni moja tu: shahidi lazima awe hai, ili aweze kuulizwa maswali.

"Hayuko hai kwa sababu Garth amemuua."

"Naelewa," alisema afisa, akamrudishia picha.

Basi Lorna akangoja maonyesho ya kilimo ya Agosti. Aliichapisha picha kwa ukubwa wa mlango, akaitundika sehemu ya wadudu na maua, kisha akasimama kando yake mikono kifuani.

"Huyu si Garth?" walisema watu.

"Garth hasa. Na mchana kweupe, tazama kivuli."

"Ehe, saa sita kabisa." Wakaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Jaji aliipa utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza, na kuandika chini yake: Mwanga umetulia. Midomo iko wazi sana.

Alasiri Garth alifika na mkewe. Watu wakampisha. Lorna aliuhisi moyo ukimdunda kwa furaha mbaya, na hakuona haya kuifurahia. Garth aliikagua picha toka juu mpaka chini.

"Sikujua tairi la kushoto limepungua upepo kiasi hiki," alisema.

"Wale walikuwa nyuki wangu, Garth."

"Naona."

"Ni mchana."

"Ndiyo, mchana. Usiku nasinzia, jirani, nitagonga miti." Alimgeukia mkewe. "Si ndilo lile shati ulilonikataza?"

Watu wakacheka. Lorna alimsogelea mpaka pua kwa pua. "Sema mbele yao kwamba uliwaua."

"Mbona nimeshaonekana?" Garth alisema kwa upole, akampigapiga begani. "Hongera kwa utepe. Nitolee na mimi nakala moja, niiweke sebuleni."

Tangu siku hiyo, kwenye kahawa ya kanisani, watu walimwambia Lorna kwamba ana kipaji cha picha, na kwamba wanampa pole kwa ule utitiri.

Mwaka ulizunguka. Nyuki wapya waliletwa, micheri ikachanua, na saa sita mchana Lorna akasikia trekta. Alikimbia mpaka kwenye uzio, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Garth alimpungia mkono. Tairi la kushoto lilikuwa limejaa. Alikuwa amenyoa ndevu, na shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka kwenye kola. Nyuki walipompitia usoni alikaa wima, akawageuzia shavu la kulia taratibu, kama mtu anayepigwa picha, akasubiri kidogo. Kisha akafungulia dawa.

Lorna alikuwa angali anafagia Garth alipokuja na bakuli.

"Pole sana, jirani. Utitiri tena?"

Lorna aliweka brashi chini. Aliingia ndani, akatoa kwenye friza bakuli la mwaka uliopita, akazibandua tambi zilizoganda na kuzitupa. Akatoka nje, akalijaza nyuki waliokufa mpaka juu, akampa.

"Hili lako," alisema. "Nenda ukawale!"

Garth aliliweka lile jipya juu ya mzinga, akaliinamia bakuli la nyuki. Aliangalia jicho moja, akaangalia la pili, akachokoa kwa kidole mpaka wa chini.

"Loo, wote wamenipata upande wa kulia," alisema. Alimshukuru, akalikumbatia bakuli kifuani ili asimwage hata mmoja, akaenda zake kwake, akipiga mluzi.