Kabla ya Australia, Kibondo

Agosti 2021, Sydney ya magharibi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Nella, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa akisomea mezani jikoni, nyumbani kwao Rooty Hill. Mama yake Anésie, Mrundi anayehudumia wazee, alikuwa akijiandaa kwenda kazini aliposikia mwalimu akisema kwenye kompyuta kwamba wakimbizi wa Afrika hupata usalama pale tu wanapofika nchi kama Australia.

Anésie aliacha kufunga viatu.

"Mwambie si kweli."

"Mum, no!" Nella alizima maikrofoni haraka.

"Basi nitasema mwenyewe."

Nella akaona mama hatanii, akainua mkono. Mwalimu alimkaribisha mama kwa furaha. Kiingereza cha Anésie kilimtosha kazini, lakini hili alitaka kulisema kwa Kiswahili alichojifunzia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Nella akawa mkalimani.

"Mwaka 1996 nilivuka mpaka kwa miguu, mdogo wangu mgongoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Hatukuwa na karatasi yoyote. Ofisa wa Tanzania hakutaka tuthibitishe nani alitaka kutuua. Serikali yake ilishakubali kwamba sisi tunaokimbia vita vya Burundi ni wakimbizi, sote kwa pamoja. Akaandika majina yetu, akasema, 'Poleni na safari. Hapa mko salama.'"

"Hawakuwarudisha?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Mimi, hapana. Nilikaa Kibondo miaka kumi na moja. Sitaficha, maisha yalikuwa magumu, na kutoka kambini bila kibali ilikuwa kosa. Lakini nilisoma, nikaolewa, na Nella akazaliwa katika zahanati ya kambi. Australia ilitupokea, nashukuru. Ila waliotupokea kwanza ni majirani, na wao wenyewe hawakuwa na kitu."

Nella alikwama. Siku zote aliwaambia wenzake yeye ni wa Sydney tu.

"Mama, subiri," alisema, kwa Kiswahili. Akavuta pumzi, kisha akatafsiri yote, pamoja na zahanati.

Mwalimu aliomba radhi, akaandika jina la Tanzania ubaoni, juu ya jina la Australia, kisha akauliza Kibondo huandikwaje. Nella alikaa wima, akataja herufi moja moja.

Anésie alikosa treni ya kwenda Seven Hills. Msimamizi alipomuuliza sababu ya kuchelewa, alijibu kwamba alikuwa akifundisha.