Bia ya Sahihi Tatu

Jumamosi saa nne asubuhi mshonaji aliondoa mkasi, chaki na futi kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, akaweka ndoo nyeupe ya lita ishirini yenye kifuniko. Ndoo ilikuwa mpya, kwa sababu karatasi ya maelekezo ilisema ndoo iliyowahi kukaa mafuta au sabuni haifai. Karatasi hiyo ilikuwa na maneno mengi kuliko mshenga. Ilitaka kila kitakachogusa bia kichemshwe kwanza: mwiko, chujio, mrija, hata kijiko. Mshonaji alichemsha vyote, akavipanga juu ya kitambaa safi, akanawa mikono mara mbili.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Wifi, hivi kweli unatengeneza pombe? Miezi mitano tu tangu tumzike, tena kwa habari zile zilizozagaa?"

"Kwa habari zile zile, ndiyo."

"Watu watasema nini?"

"Walishasema, wifi. Hawakubakiza neno."

Na kweli hawakubakiza. Mumewe alikuwa fundi wa lifti katika jengo la ofisi la ghorofa tisa. Siku ya ajali alikuwa juu ya paa la lifti anapaka grisi, lifti ikaanza kushuka yenyewe kutoka ghorofa ya saba, na haikusimama mahali ilipopaswa kusimama. Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema breki za lifti ni nzima, na kwamba marehemu alikuwa amelewa. Chini yake palikuwa na sahihi tatu: ya msimamizi wa jengo, ya mlinzi wa mlangoni, na ya fundi mwenzake, rafiki yake wa miaka tisa, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo na ambaye mshonaji alimwita shemeji.

Mshonaji hakuiamini ripoti. Lakini jambo likishachapwa na kupigwa mhuri hukaa kichwani, utake usitake. Taratibu machale yakaanza kumcheza. Mbona marehemu alipenda kumung'unya peremende za mnanaa? Mbona Alhamisi alikuwa anachelewa? Miaka kumi na mmoja walilala kitanda kimoja, na hakuwahi kumsikia harufu ya pombe. Lakini je, mtu ambaye hajawahi kuonja bia angeijuaje harufu yake? Hilo ndilo lililomkosesha raha. Aliwashuku wale watatu kwa zamu, na wakiisha wale watatu alimshuku marehemu, kisha akajichukia, kisha akaanza upya.

Kwenda baa hakuweza, maana angeonekana, na hapo maneno yangepata miguu. Tena bia ya chupa ina harufu moja tu, ile ya mwisho. Yeye alitaka kuijua bia tangu uchanga wake, aisikie harufu yake ya siku ya kwanza, ya pili, ya kumi, halafu ailinganishe na ovaroli ya marehemu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa nailoni kabatini, haijafuliwa, imefungwa mafundo mawili. Pua yake aliiamini. Mshonaji akinusa kitambaa anaweza kukwambia kimekaa dukani muda gani na jirani na nini.

Alichemsha maji, akakorogea humo kimea cha kopo, kizito na cheusi, akatia maua makavu ya hopsi ambayo ndiyo yanayoleta uchungu, akaacha yachemke saa nzima. Alipoza sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kwa sababu hamira ikikutana na moto hufa. Kisha akamimina kwenye ndoo, akanyunyiza hamira, akafunika. Kifuniko kililegea upande mmoja. Mshonaji alifanya afanyavyo kila kitu kikilegea: alichukua karatasi iliyokuwa karibu, akaikunja mara nne, akaipachika kwenye mwanya. Cherehani yake mwenyewe ilisimama wima kwa njia hiyo. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ripoti, maana ripoti haikuwahi kuwa mbali.

Kesho yake mrija wa kutolea hewa ulianza kutoa mapovu, moja moja, bila haraka. Maelekezo yalikataza kabisa kufunua ndoo kabla ya siku kumi na nne. Mshonaji alifunua kila asubuhi. Alijua bia inaweza kuharibika, ila yeye hakuwa anaitaka bia, alikuwa anaitaka harufu. Alinusa ndoo, akanusa ovaroli, akarudi kwenye ndoo. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna.

Siku ya tatu roho ilimruka. Ile harufu aliijua. Ilikuwa kwenye mashati ya marehemu, tena ya Alhamisi. Mshonaji alikaa kwenye kiti cha cherehani na hakushona hata tundu la kifungo. Wifi alipokuja jioni alimkuta hivyo hivyo.

"Alikuwa anakunywa, wifi," mshonaji alisema. "Kaka yako alikuwa ananidanganya."

Wifi aliinama juu ya ndoo, akanusa.

"Hii ni hamira. Ghorofa ya chini ya lile jengo kuna tanuri la mikate. Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa akiwafanyia usafi lifti yao ya mizigo. Hata mimi aliniletea mikate."

"Mbona mimi hakuniletea?"

"Ulimwambia unanenepa."

Mshonaji alikumbuka. Alicheka kidogo, halafu akalia sana, na wifi akamwacha alie.

Siku ya kumi na nne aliitia bia kwenye chupa, kila chupa kijiko kidogo cha sukari. Alipoitoa ripoti kwenye mwanya wa kifuniko aliikunjua juu ya meza ili ikauke. Maneno yote yalikuwepo, mhuri ulikuwepo, ila chini palikuwa peupe. Sahihi tatu zilikuwa zimetoka kwenye karatasi na kuingia kwenye bia.

"Ni unyevu," wifi alisema.

"Ni unyevu," mshonaji alikubali, akaziba chupa ya mwisho.

Baada ya wiki mbili nyingine, saa kumi alasiri, alifungua chupa ya kwanza. Ilibaki harufu moja tu ya kuijua, ile ya mdomo wa mnywaji, na hiyo haikupatikana bila kunywa. Alimimina glasi, akaimaliza, akafunga macho kwa uchungu wake, akamsogelea wifi.

"Ninuse."

Wifi alimnusa mdomo, shingo na viganja. "Hapana. Kaka hakuwahi kunuka hivi hata siku moja."

Mshonaji alingoja alewe. Hakulewa. Kichwa kilikuwa kile kile, chepesi na chenye maswali. Nje, nyumba ya tatu, shemeji alikuwa anatia mnyororo wa baiskeli mafuta. Aliweka kopo chini, akaanza kuimba, akaiegemea baiskeli, na wote wawili wakaangukia beseni la nguo zilizokwisha kufuliwa. Mkewe alitoka akimfokea. Mtu mzima, mchana kweupe, na hajaweka kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi! Baada ya nusu saa shemeji aliinuka, akaomba msamaha, akazisuuza nguo upya.

Kesho yake mshonaji alikunywa tena saa ile ile. Wifi, aliyekwenda kusimama nje ya jengo la ghorofa tisa, alimpigia simu.

"Mlinzi amekumbatia nguzo ya geti. Anaiita mama."

"Na msimamizi?"

"Yuko dirishani. Amevua viatu, anawapungia watu navyo."

"Basi ni wenye sahihi."

"Ni wenye sahihi, wifi. Kunywa taratibu."

Jioni hiyo shemeji alikuja mlangoni akiyumba, machozi yanamtoka, akasema marehemu hakuonja hata tone, alikuwa ananuka grisi tu, na yeye alitia sahihi kwa sababu ana watoto wanne. Mshonaji alikimbia kutafuta kalamu. Alipoipata, nusu saa ilikuwa imepita. Shemeji alikuwa amesimama wima, ananyoosha kola.

"Rudia, shemeji. Naandika."

"Nirudie nini?"

"Uliyosema sasa hivi."

"Mimi? Nimekuja kukusalimu tu, shemeji. Wazima humu?"

Hapo mshonaji alielewa kuwa lazima aende pale karatasi zinapokaa. Jumatatu alitia chupa mbili kwenye mfuko wake wa vitambaa, akaongozana na wifi hadi masjala ya kampuni iliyomwajiri marehemu, chumba cha chini katika jengo lile lile. Karani wa masjala alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, akamtafutia glasi.

"Kunywa, mama. Ila usimwage kwenye mafaili."

Mshonaji alikunywa. Haikupita dakika tano wakamsikia msimamizi anateremka ngazi kutoka ofisini kwake, ghorofa nane zote, viatu mkononi. Wifi alimuuliza mbona hakupanda lifti.

"Nipande ile?" Msimamizi alicheka mpaka akashika ukuta. "Na breki ile? Dada yangu, mimi nina akili zangu. Fundi aliniambia mara tatu. Mara tatu! Nikamwambia afanye kazi aache uoga. Alikuwa mkavu kama mti huu." Aligonga meza ya karani, akakaa sakafuni.

Mshonaji alimgeukia karani. Karani alikuwa ameweka kalamu chini.

"Andika, baba. Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia, mama. Lakini maneno ya mlevi hayaandikwi. Ndio utaratibu."

"Basi tusubiri pombe imtoke."

Walisubiri. Karani aliwapa viti. Pombe ilipomtoka, msimamizi alivaa viatu, akafunga kamba vizuri, na karani akamuuliza kama ana la kuongeza kwenye ripoti. Msimamizi alisema ripoti ni sahihi kama ilivyo, akampa mshonaji pole kwa msiba, akaelekea kwenye ngazi.

"Amesema fundi alimwambia mara tatu," wifi alisema. "Hakuna maandishi?"

"Yapo," karani alijibu, akavuta faili bila kutafuta. Zilikuwa barua tatu, kwa mwandiko wa marehemu, ule mwandiko wake wa kulalia kushoto. Breki ya lifti imelika. Breki ya lifti imelika sana. Naomba lifti isimamishwe. Mshonaji aliugusa mwandiko kwa kidole. Juu ya kila barua palikuwa na mhuri mwekundu: *Isizingatiwe. Mwandishi alikuwa mlevi.*

"Lakini hizi aliziandika kabla," mshonaji alisema. "Mwezi mzima kabla!"

"Kabla, ndiyo. Ila ulevi umethibitishwa baadaye, na ukithibitishwa unarudi nyuma." Karani alisema kwa huruma ya kweli, akavua miwani akaifuta. "Wewe mama umekunywa glasi nzima na akili zako timamu. Maneno yako ningeyaandika yote. Tatizo ni kwamba hukuwepo."

Mshonaji alirudi nyumbani akiwa na hasira. Tangu hapo alikunywa kila siku, saa yoyote aliyojisikia, na mwezi uliofuata akatengeneza ndoo ya pili, ambayo aliianzisha kwa chupa moja ya ile ya kwanza. Ilifanya kazi vile vile. Mtaani watu walizoea. Mke wa shemeji akawa anaanika nguo upande wa pili. Pale jengoni mlinzi alipewa kiti cha mikono, na mikutano ikawa inaanza bila msimamizi.

Kisha ikaja barua. Aliileta shemeji mwenyewe, Jumatatu alasiri, ndani ya bahasha nyeupe. Ilikuwa barua ya adabu. Kampuni ilitambua haki ya mama huyo kunywa nyumbani kwake, ila ilimwomba anywe siku za Jumapili, na ikiwa kuna dharura atoe taarifa siku moja kabla. Kichwa cha barua kilipigiwa mstari: *Yah: Mjane wa fundi aliyefariki akiwa amelewa.* Mshonaji alikisoma mara mbili.

"Breki wameshatengeneza, shemeji?"

"Breki ni nzima. Ripoti imesema."

Mshonaji aliingia ndani akarudi na chupa. Shemeji aliiona, hakubisha. Alitoa simu mfukoni akaiweka kando, akakaa kwenye kizingiti, mgongo ukutani, ili asianguke. Mshonaji alikunywa nusu glasi.

"Breki ni mbovu," shemeji alisema. "Nimeishika leo asubuhi. Imekwisha, imebaki chuma kwa chuma."

"Na watu wanapanda?"

"Wanapanda. Leo wamekuja watoto wa shule kuutazama mji kutoka juu. Kumi na wawili kwa mkupuo. Mlango niliwafungulia mimi."

"Na mume wangu?"

"Hakuonja hata tone, shemeji. Hata tone."

Alilia kwa sauti. Mshonaji alikaa kando yake, akainywa nusu iliyobaki kidogo kidogo ili isiishe upesi, na kila alipomeza shemeji alilisema tena, na yeye alisikiliza. Glasi ilipokuwa tupu waliendelea kukaa. Kisha shemeji akafuta uso kwa mkono wa shati, akasimama, akakung'uta suruali, akachukua simu yake.

"Shemeji, nakuomba, kesho usinywe," alisema. "Kuna darasa jingine linakuja, na mlango nafungua mimi."