Wino wa Mwenyekiti

...kana kwamba hajui, mtu mzima na cheti chake ukutani anauliza nani aliandika majina haya kumi na moja kana kwamba hajui, wakati kila mkutano wa mtaa kwa miaka minne karatasi ya mahudhurio anaipokea kutoka mkono huu huu wa Mastura, majina sabini, themanini, yote kwa mwandiko mmoja ulioinamia kulia, na hajawahi kuuliza hata siku moja, anasema tu asante Mama Nusrat, una mwandiko mzuri, leo ndiyo macho yamemfunguka huyu Revocatus mtendaji, leo ndiyo anageuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha na kuisogeza puani, haya, nusa basi, itakuwa inanuka dagaa, ilijazwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa... Mastura akainamisha kichwa akautazama ukucha wa dole lake la mguu, mchanga bado umeganda pembeni, na moyo unampiga mpaka khanga inatikisika kifuani, au ni upepo, upepo gani, chumba chenye dirisha moja na watu arobaini.

"Kama aliyeandika hajitokezi," Revocatus akasema, "majina yote kumi na moja nayafuta. Nitahesabu yameghushiwa. Akijitokeza, wenye majina walio hapa nitawahesabu."

Yameghushiwa, loh, neno limekaa kipolisi polisi, kughushi nini, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale kwenye mawe, karatasi ya kumwondoa mwenyekiti magotini, vibibi wakawa wanakuja mmoja mmoja, niandikie mwanangu, mimi na kalamu wapi na wapi, akaandika, kuna ubaya gani, ndivyo wanavyofanya siku zote, mkutanoni, msibani wakipanga zamu za kupika, mwenye kalamu anawaandikia wenzake na maisha yanaendelea, nani angejua kwamba safari hii kila mtu anatakiwa mkono wake mwenyewe, ah, kanuni ilibandikwa mlangoni, sawa, ilibandikwa, maandishi madogo na taa hakuna, na wale wasiojua kusoma wangeisoma kwa pua? Na si hilo tu, eti kila mwenye jina apande mwenyewe mpaka hapa ofisini, juu ya mawe yote haya, siku tatu, leo ndiyo ya mwisho, saa mbili hadi saa nne asubuhi, na siku zenyewe wakachagua hizi za giza, mwezi hakuna, dagaa wanavuliwa kwa wingi na asubuhi hiyo hiyo ndiyo lazima uwaanike la sivyo wanaoza, nani alikaa akapanga hivi, mtu aliyewahi kuanika dagaa au mtu anayewala tu? Dagaa wake yeye kawaacha na Teodora anayeanika jirani naye, Teodora ana macho mawili na mafungu yake mwenyewe, makorongo yale, ndege wezi, hayana haya, yanakuja yanasimama pembeni yanasubiri ugeuke... na kuna wingu, alipokuwa anapanda aliliona wingu upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa.

Mbele kwenye meza Bibi Kashindye bado amesimama na fimbo yake, jina lake ndilo la kwanza kati ya yale kumi na moja, ameulizwa huu ni mwandiko wako akajibu mimi sijui kuandika, ameulizwa mara mbili basi nani alikuandikia akanyamaza, miaka sabini na kitu, goti limevimba, amepanda na wenzake saba tangu alfajiri wakipumzika kila jiwe, watatu wameshindwa wamebaki chini, na hao wanane wakifutwa basi tena, Mastura amepiga hesabu vidoleni chini ya khanga tangu asubuhi, yanatakiwa majina mia na hamsini ndipo mkutano uitishwe watu wapige kura, yaliyopita mpaka sasa mia na arobaini na moja, yamebaki tisa, vibibi wanane, na yeye mwenyewe Mastura wa mwisho kabisa kwenye karatasi, wa tisa. Tisa kamili, hakuna wa kupoteza. Na waliokana mbele ya meza hii, wanaume wazima na ndevu zao, mimi sijasaini, mimi nilidhani ni karatasi ya vyandarua, macho chini, mwanamume mzima anakana saini yake! Aliwacheka kimoyomoyo jana na juzi, aliwacheka sana, leo ukimya wake una tofauti gani na wao?

Lakini wao walikuwa wanatazamana na nani, si na huyo, amekaa hapo kwenye kona ya meza, Mwenyekiti Machibya, kanuni inamruhusu kuwepo, hasemi neno, hamkemei mtu, ameweka tu mhuri wake mbele yake na kibati cha wino pembeni, basi, inatosha, kila anayesimama anauona ule mhuri na kukumbuka ana shida gani, huyu anataka barua ya kumdhamini mwanawe, yule ya kufungua akaunti, yule ya kitambulisho, mtu utaishije mjini bila barua ya mtaa, na yeye Mastura barua yake iko hapa mkononi, imekunjwa mara nne na imeanza kulowa jasho, barua ya utambulisho ya Nusrat, chuo cha uuguzi, inatakiwa Jumatatu na leo Ijumaa, imeandikwa kila kitu, imebaki nafasi nyeupe pale chini, ya kuweka saini na mhuri, nafasi ndogo tu. Asubuhi mlangoni alimwamkia, shikamoo Mwenyekiti, akaitikia kwa upole wake ule, "Marahaba Mama Nusrat, ile barua ya binti ninaikumbuka. Tumalize kwanza hili jambo, halafu tutaona." Tutaona! Angemtukana ingekuwa nafuu. Na Nusrat naye, akifunga kilemba mbele ya kioo kilichopasuka, mama nakuomba, usiseme chochote mpaka barua itoke, kaa kimya tu mama, hawatakuuliza, na akacheka, na meno yake ni ya baba yake.

Baba yake... hapo ndipo panapouma, maana Khalidi alipofia ng'ambo, Sengerema, ni nani aliyevuka, ndugu zake wa Kisesa walisema watakuja wakaja siku ya tatu, Machibya ndiye aliyepanda naye kivuko asubuhi ile, akaandika barua ya kusafirishia mwili juu ya goti lake, mhuri ameubeba mfukoni mwa koti, akaugonga palepale kwenye benchi la kivuko, na jeneza alilishika upande wa kichwani, na alilia, Mastura alimwona akilia, hakuwa analia kwa ajili ya kura. Mtu huyu huyu. Mtu huyu huyu akaja akatoa uwanja wetu wa kuanikia, mchanga wote ule safi tuliorithi kwa mama zetu, akampa tajiri auzungushie mabati aweke magari yake, bila mkutano, bila kumuuliza mtu, asubuhi tunashuka na beseni kichwani tunakuta geti na mlinzi! Sasa tunaanika kwenye mawe na pembeni mwa barabara, vumbi, mchanga kwenye dagaa, wanunuzi wanasonya, tukimfuata anasema nilisaini tu, yalikuwa maagizo, na wewe ulikuwa wa nani uliposaini, wetu au wao? Mtu anaweza kukubebea jeneza na bado akakuibia uwanja, Mastura hajui alie au acheke, amemchukia mwaka mzima na chuki yenyewe haijatulia hata siku moja.

"Bibi," Revocatus alikuwa anasema, amechoka, si mbaya huyu kijana, "huna saini, basi weka dole gumba hapa pembeni ya jina. Walau hilo. Wino..." Akatafuta mezani, hakuna wino mwingine, upo huo huo wa mwenyekiti. Machibya akaweka kiganja juu ya kibati, polepole, mtu angedhani anakifuta vumbi.

"Huu ni wa mhuri," akasema.

"Acha ukorofi, Machibya," Bibi Kashindye akasema, wala hakupaza sauti, "wino huu kila nyumba ilitoa mchango ofisi ilipofunguliwa, na mimi nilitoa. Sijaja kuuchukua. Nimekuja kuchovya."

Watu wakacheka, kacheko kadogo kalikokimbia chumba kizima kakafa, na Machibya akautazama mkono wa bibi uliokuwa unangoja juu ya kibati, akautazama sana, alikula kwenye mkono huo akiwa mtoto, mtaa mzima unajua, kisha akatoa kiganja chake, na Mastura aliyekuwa anatazama kwa pembe ya jicho aliona vidole vya mwenyekiti vikitetemeka, akadhani ameona vibaya, akatazama tena, vinatetemeka. Bibi akachovya dole gumba, akaliminya kwenye karatasi, Revocatus akasogeza uso.

"Haina mistari, bibi. Haisomeki. Hili ni doa tu."

"Ndilo dole nililobaki nalo, baba. Miaka arobaini, chumvi na dagaa." Akachovya kidole cha pili, akaminya, doa. Cha tatu, doa. Akaegemeza fimbo mezani apate mkono wa pili, anachovya na kuminya, anachovya na kuminya, hana haraka, karatasi inajaa madoa ya zambarau pembeni mwa jina lake, "Chagua unachokipenda," akasema, "viko kumi," na safari hii hakuna aliyecheka, hata Revocatus alishusha kalamu, na Mastura akakiangalia kidole chake mwenyewe, akakipapasa na kingine, laini, laini kabisa, kimebaki na mistari michache pembeni, miaka kumi tu ijayo na mimi nitakuja hapa niambiwe haisomeki.

Na akafikiri, anaogopa, yule mtu wa mhuri anaogopa, anaogopa vibibi wanane waliokaa sakafuni na nyayo zao za mawe, kumbe siku tatu hizi tumekaa humu tukiogopana, mimi namwogopa yeye na yeye anaiogopa hii karatasi, na mhuri upo katikati, na mhuri si wake, wala wino si wake, sasa ninaomba nini... hapana, usijidanganye Mastura, usijitie ushujaa, Jumatatu itafika, barua isipogongwa chuo hakimngoji Nusrat, atarudi mwaloni kwenye beseni, vidole vyake vitaisha na vyenyewe, wewe ndiye utakayemwambia, utamwambia nini, utamwambia mama yako alijitia kimbelembele? Ataacha kusema nami. Wiki nzima ataacha kusema nami, mwezi. Naogopa. Ninaogopa sana, Mungu wangu. Lakini nikikaa kimya na barua ikagongwa, kila nikiitazama nitaona vile vidole kumi, na Nusrat atakwenda kuwahudumia wagonjwa kwa barua iliyolipiwa na bibi aliyepanda mawe bure, bibi ambaye ameulizwa mara mbili nani alikuandikia na mara mbili amefunga mdomo, kwa ajili yangu, hakugeuka hata kunitazama asije akanionyesha, anangoja nini, hangoji kitu, ameshaniachia mwenyewe.

Mbali huko chini honi ya kivuko ililia, kinaondoka au kinakuja, tone la kwanza la mvua liligonga bati, dagaa wangu, Teodora wafunike jamani, turubai liko nyuma ya jiwe, na goti la Mastura lilikuwa limeshanyooka lenyewe, hakuliambia, akilini alikuwa bado yuko benchini, hajasimama, ila mkono umeshapita juu ya vichwa vya watu, na alipoutazama akaona si ule mtupu aliokusudia, ni ule wenye barua, imejikunjua, nafasi nyeupe imemwelekea Machibya, na Machibya ameiona.

"Kwa mara ya mwisho," Revocatus akasema, macho bado yako kwenye karatasi yenye madoa, "nani aliandika majina haya?"